Tumbo la ng'ombe na ndoo ya jikoni



Kila siku jikoni panabaki maganda ya viazi, ukoko wa bukari, sombe iliyolala. Wengi wanasema: «Ile ni uchafu tu, tupa mu shimo!» Shimoni uchafu unaleta inzi na panya, tena unatoa metani, gazi inayozidisha joto la dunia. Lakini ungali na nguvu ndani yake. Tuone namna mikrobi za tumboni zinavyoweza kuugeuza kuwa asidi zenye faida.

1. Kazi ya tumbo

Ng'ombe anakula majani na kunenepa. Sisi tukiyala hatushibi. Juu ya nini? Tumbo lake kubwa la kwanza ni kama pipa la litri 100 au zaidi, lenye joto la digri 39 hivi, bila hewa. Humo mikrobi zinavunja majani na kutoa hasa asidi tatu: asetiki (ndiyo ya siki), propioniki na butiriki. Asidi hizo zinaingia damuni, na karibu 70 kwa mia ya nguvu za ng'ombe inatoka kwazo. Hata katika utumbo wetu mpana kazi hiyo inafanyika, ila kwa kadiri ndogo.

2. Kusimamisha kazi katikati

Wataalamu wanachukua maji ya tumbo la ng'ombe aliyechinjwa, wanayachanganya na mabaki ya chakula yaliyosagwa, ndani ya chombo kisichoingia hewa, chenye joto kama la tumbo. Kwanza mabaki yanavunjwa kuwa sukari; sukari inakuwa asidi; mwishoni mikrobi nyingine zinakula asidi na kutoa metani.

Mwenye kutaka gazi ya kupikia anaacha kazi ifike mwisho. Mwenye kutaka asidi lazima aisimamishe kabla. Mikrobi za metani zinazaa polepole na hazipendi uchachu. Kwa hiyo maji yanatolewa baada ya siku chache, yakiwa machachu. Uchachu ukizidi, hata mikrobi za asidi zinachoka. Ndipo inatiwa chokaa kidogo.

3. Mfano wa nyumbani

Mama zetu wanajua kazi ya namna hii katika munkoyo. Uji wa mahindi ukipoa, wanatia mizizi iliyopondwa. Mizizi ina enzimu zinazogeuza wanga kuwa sukari, halafu mikrobi zinatoa asidi laktiki, na munkoyo unachacha. Ukikaa sana unakuwa kileo. Mikrobi si zile za ng'ombe, lakini sheria ni moja: anayejua saa ya kusimamisha ndiye anayepata alichokitaka.

4. Faida na shida

Propioniki inazuia ukungu katika mkate. Asetiki inasaidia kutengeneza gundi na rangi. Butiriki, ingawa inanuka kama siagi iliyooza, inaingia katika plastiki na manukato.

Shida ni kutenganisha. Sisi wa Kipushi tutaelewa upesi: jiwe la mgodini halina zinki peke yake. Mgodi wetu ulisimama mwaka 1993. Ili uanze tena kutoa zinki mwaka 2024, ulihitaji kiwanda kipya cha kusaga na kutenganisha. Vilevile maji yale machachu ni maji mengi na asidi kidogo zilizochanganyika. Huko Marekani, Mark Holtzapple wa Chuo Kikuu cha Texas A&M alitengeneza njia iitwayo MixAlco: asidi zinashikwa na chokaa na kuwa chumvi, halafu chumvi zinageuzwa kuwa mafuta ya mitambo.

5. Angalisho

Maji ya tumbo la ng'ombe yana mikrobi za magonjwa: tusiyachezee. Tena tusifunge mabaki katika chupa. Gazi inaweza kuipasua.

Shule yetu haina chombo cha wataalamu, lakini mwanzo wa kazi uko mikononi mwetu. Mikrobi haili mfuko wa plastiki, wala mbuzi na shamba havifaidiki nao. Tunaomba basi ndoo mbili jikoni: moja ya maganda na mabaki, nyingine ya plastiki na chupa. Wadogo wetu wa mwaka wa kwanza, msingoje kuamrishwa.

Maswali

1. Asidi tatu za tumbo la ng'ombe ni zipi?
2. Kwa nini maji yanatolewa mapema?
3. Munkoyo unafanana wapi na kazi hii, na unatofautiana wapi?

Sisi viongozi wa wanafunzi, mwaka wa sita