Jua Ndilo Ratiba: Somo kwa Vikundi vya Baiskeli Vinavyolala Njiani



Kila kiangazi kinapoingia, barabara za Rusizi huanza kupitwa na makundi ya vijana wenye baiskeli, mabegi yakiwa mgongoni na nia ikiwa ni kulala njiani. Wengine ni wenyeji wa Kamembe. Wengine ni ndugu zetu waliovuka kutoka Bukavu. Wengine hutoka Kigali au nchi za mbali kufuata njia ijulikanayo kama Congo Nile Trail, yenye urefu wa kilomita 227 kandokando ya Ziwa Kivu, kutoka Rubavu hadi hapa kwetu. Sisi tulio katika idara ya polisi na jamii tunafurahia safari hizi. Zinajenga afya, zinaleta kipato vijijini, na zinawafundisha vijana kuijua nchi kwa jasho lao wenyewe.

Hata hivyo, kazi iliyo ngumu kuliko zote kwa askari ni kubisha hodi usiku katika nyumba ambayo bado imemwekea mtu wake chakula. Wale tuliowahi kuifanya kazi hiyo hatuisahau. Kwa sababu hiyo tumeona vyema somo la toleo hili lihusu jambo moja tu: namna ya kuipanga safari ya baiskeli ya zaidi ya siku moja ili giza lisiwakute barabarani.

Mashindano si safari

Nchi yetu imekuwa nchi ya baiskeli. Tour du Rwanda imepita katika wilaya yetu mara kadhaa. Mwaka 2020, hatua moja ilitoka Huye ikaishia Rusizi, na kesho yake wapanda baiskeli wakaondoka Rusizi wakafika Rubavu, umbali unaozidi kilomita 200, kwa siku moja. Septemba 2025, Kigali ikawa mji wa kwanza barani Afrika kuandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani. Watoto wetu wameyaona haya kwa macho, na ni haki yao kutamani.

Lakini kijana akisema, “Wao walifika Rubavu siku moja, kwa nini sisi tusifike?” inafaa tumkumbushe alichokiona na asichokiona. Aliona baiskeli. Hakutazama sana magari yaliyotangulia kusafisha njia, askari waliosimama katika kila njia panda, gari la wagonjwa lililofuata nyuma, na fundi aliyebeba magurudumu ya akiba. Siku ya mashindano barabara hufungwa. Siku ya safari yenu, barabara hiyohiyo ina malori ya trela, mabasi, pikipiki, mbuzi, watoto watokao shule na akina mama wenye vikapu kichwani. Hakuna atakayewafungulia njia.

Hesabu ya kurudi nyuma

Makundi mengi hupanga safari kwa kuanzia saa ya kuondoka. Sisi tunawashauri mwanzie saa ya kulala, kisha mhesabu mkirudi nyuma.

Hapa kwetu, karibu na Ikweta, jua huchomoza na kuzama karibu na saa 12 mwaka mzima. Tofauti ya majira ni dakika chache tu. Likishazama, giza halichelewi. Basi wekeni saa 11 jioni kuwa saa ya kufika mnakolala, ili saa moja ya mwanga ibaki kama akiba. Mkiondoka saa 12 na nusu asubuhi, mna saa 10 na nusu mkononi. Toeni saa moja na nusu ya chakula cha mchana, saa moja ya mapumziko madogomadogo, saa moja ya pancha na mnyororo uliokatika, na saa moja ya kujikinga na mvua. Zinabaki saa 6 za kukanyaga.

Sasa ulizeni: yule aliye mdogo kwa nguvu kati yetu huenda kilomita ngapi kwa saa katika milima hii? Tuseme ni 10. Zidisheni mara 6: kilomita 60. Huo ndio urefu wa siku yenu. Barabara ya kutoka Kamembe kupitia Nyamasheke hadi Karongi inazidi kilomita 100. Maana yake, kwa kundi hilo Karongi ni safari ya siku mbili, na mahali pa kulala panapaswa kutafutwa katika Wilaya ya Nyamasheke, siku kadhaa kabla ya kuondoka. Atakayesema “tutaona tukifika huko” ameshaikabidhi safari kwa bahati.

Hesabu hiyo ina sharti moja la pili: iwapo hadi saa 9 alasiri hamjafika nusu ya pili ya njia mliyoikusudia, simameni kijiji cha karibu na mlale hapo. Uamuzi huu ufanywe mkiwa nyumbani, vichwa vikiwa vimetulia. Saa 11 na nusu jioni, kundi lililochoka na lenye njaa halina uwezo wa kuamua vema. Daima huona kilima kilichobaki ni kimoja tu.

Kwa nini tunasisitiza giza

Gari liendalo kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 katika sekunde moja. Mtu aliyevaa nguo nyeusi, asiye na taa wala kiakisi mwanga, huonekana kwenye taa za chini za gari akiwa umbali wa mita 25 hadi 30 hivi. Dereva anabakiwa na muda usiofika sekunde mbili: kushtuka, kukanyaga breki, na gari kusimama. Gari halisimami ndani ya umbali huo, hata likiwa na dereva mwangalifu na breki mpya. Dereva huyo hana nia mbaya, hakumwona mtu.

Kwa hiyo kila baiskeli iwe na taa nyeupe mbele na taa nyekundu nyuma, na kila mpandaji awe na fulana ya kuakisi mwanga, hata kama mmepanga kufika mchana. Vitu hivi ni kwa ajili ya siku ambayo mpango umeharibika. Na giza likiwakuta kweli, shukeni, tokeni kwenye lami, sukumeni baiskeli pembeni mkiwa safu moja, na mpige simu.

Kutembea kama kundi

Kundi la watu wanane likienda pamoja ni refu kuliko lori. Dereva hawezi kulipita kwa usalama kwenye kona zetu. Ligawanyeni mara mbili, wanne kwa wanne, na katikati muache nafasi ya gari kuingia. Endeni safu moja, upande wa kulia. Wageni wetu kutoka Tanzania, Uganda na Kenya, ambako magari hupita kushoto, wakumbushwe jambo hili kila asubuhi. Mazoea hurudi mtu anapokuwa na usingizi.

Awepo kiongozi wa mbele, na awepo mfunga safu nyuma ya wote, mwenye pampu, viraka na simu yenye chaji. Aliye dhaifu awekwe karibu na kiongozi ili mwendo uwe wake. Akiachwa nyuma, atajilazimisha, akijilazimisha, ataanguka. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na katika mlima wa Rusizi maneno hayo yana ushahidi.

Mteremko ndio unaoumiza kuliko mpando. Kutoka Kamembe, mji uliojengwa juu ya Ziwa Kivu ambalo maji yake yapo karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, hadi tambarare ya Bugarama yenye mashamba ya mpunga, barabara hushuka mamia ya mita, na hushuka pamoja na malori yanayohudumia kiwanda cha saruji. Kagueni breki zote mbili kabla ya kushuka. Zibaneni kwa kupokezana, msizishikilie mfululizo hadi zikapata moto. Acheni nafasi kubwa kati ya baiskeli na baiskeli. Na wakati wa kupanda, asiwepo hata mmoja wa kushika lori kwa nyuma ili avutwe. Tabia hii tunaiona kila wiki, na tunaikamata kila wiki, kwa sababu dereva akikanyaga breki ghafla hakuna pa kukimbilia.

Msitu wa Nyungwe una shauri lake. Barabara ya kwenda Huye hupita ndani ya hifadhi kwa makumi ya kilomita, mahali penye ukungu, baridi, na pasipo nyumba ya kuombea maji. Kundi lililokusudia kuuvuka lilale kwanza kabla ya msitu, liingie asubuhi na mapema, litoke ng'ambo mchana. Lisilofika langoni kwa wakati lisiingie.

Mambo ya mpakani

Sisi ni watu wa mpakani, na Mto Rusizi unatutenganisha na ndugu tunaosalimiana nao kwa Kiswahili hikihiki. Kundi lenye wageni kutoka ng'ambo lihakikishe kila mmoja ana hati yake mwenyewe na amepita katika kituo rasmi, iwe Rusizi ya Kwanza, Rusizi ya Pili, au Bugarama mkabala na Kamanyola. Taratibu na saa za vituo hubadilika. Ulizeni siku mbili kabla, na muulize tena asubuhi ya safari. Njia za panya zisitumike hata kwa kufupisha kilomita moja. Msipige picha za vituo vya mpaka na madaraja bila ruhusa. Na usiku msishuke ufukweni kupiga kambi pasipo kuwaarifu viongozi wa mahali hapo: anayelinda ziwa gizani hawezi kujua kama kivuli anachokiona ni mtalii au mfanya magendo.

Tazameni pia kalenda. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya umuganda, na asubuhi hiyo shughuli za usafiri husimama hadi kazi iishe. Kundi litakalolala kijijini usiku wa kuamkia siku hiyo lichukue jembe pamoja na wenyeji. Hakuna njia ya haraka zaidi ya kupata marafiki barabarani.

Wajibu wa kijiji

Somo hili haliwahusu wapanda baiskeli peke yao. Mgeni akifika kijijini jioni, mzee wa kaya ampokee, amjulishe kiongozi wa kijiji na walinzi wa usiku, wale tunaowaita irondo, ili kila mtu ajue nani amelala wapi. Kumwandikisha mgeni ni kumlinda. Usiku akiugua, msaada utajua mlango wa kubisha. Wasichana walio katika kundi wapewe mahali pao pa kulala penye mlango unaofungwa.

Wazazi, tuwakataze watoto kukimbilia baiskeli inayoshuka mlima au kuishika kwa nyuma. Wafugaji, tuvushe mifugo tukiwa mbele na nyuma yake. Nanyi abanyonzi, mnaobeba abiria kwa baiskeli na kuijua barabara kuliko mtu yeyote, mkiona kundi la wageni saa 11 jioni likiwa bado mbali, liambieni ukweli wa umbali. Msiwaambie “ni hapo tu” kwa adabu. Neno hilo la upole limewahi kuwaingiza wengi gizani.

Mtu akianguka

Wa kwanza kufika asimwinue. Mmoja arudi nyuma mita 50 au zaidi, awapungie madereva wapunguze mwendo. Mwingine apige simu: 912 kwa gari la wagonjwa, 113 kwa ajali za barabarani, 112 kwa dharura yoyote. Taja jina la kata na kitu kinachoonekana: shule, daraja, kanisa, kiwanda cha chai. Helmeti isivuliwe kwa nguvu, shingo isigeuzwe. Afunikwe asipate baridi, na mtu mmoja abaki akizungumza naye hadi msaada ufike. Kitambulisho na kadi ya bima ya afya viwe mfukoni mwa kila mpandaji, si kwenye begi la mwenzake.

Maswali ya kujadili katika vikundi na mikutano ya vijiji

1. Nani aliye dhaifu zaidi katika kundi letu, na huenda kilomita ngapi kwa saa mlimani?
2. Kwa hesabu ya kurudi nyuma, siku yetu ya kwanza inaishia kijiji gani? Nani huko anajua kwamba tunakuja?
3. Nani ana mamlaka ya kusema “tunalala hapa,” na je, wote tumekubali kumtii?
4. Katika kijiji chetu, mgeni akifika saa 12 jioni, hupelekwa kwa nani kwanza?
5. Ni kona gani au mteremko gani katika kata yetu ambao wageni wanapaswa kuonywa kabla hawajaufikia?

Kundi lolote linalokusudia kulala njiani tunalikaribisha katika kituo cha polisi kilicho karibu nalo kabla ya safari, lituachie majina, njia na namba moja ya simu. Hatutoi ruhusa wala hatutozi ada; tunachotaka ni kujua ni saa ngapi tuanze kuwatafuta. Na mkishafika salama, tupigieni. Simu hiyo ya jioni, ya kusema tumefika na tunakula, ndiyo tunayopenda kuipokea.