Kunyoa kwa Wembe: Namna ya Kuilinda Ngozi ya Shingo

Asubuhi za Juni na Julai, baridi ya Mbeya huwa kali. Mkazi wa Iyunga anayewahi zamu kiwandani, geti la ulinzi au treni katika stesheni ya TAZARA huamka gizani, hujimwagia maji usoni, hupitisha wembe harakaharaka kidevuni na shingoni, kisha hufunga kola na kutoka. Kufikia saa nne shingo inawaka moto. Baada ya siku tatu vipele vimejitokeza chini ya taya, na jioni hiyohiyo anaingia dukani kutafuta dawa. Ni katika hatua hiyo ya mwisho ndipo suala la kunyoa linapogeuka kuwa suala la ulinzi wa mlaji.

Tumeandaa somo hili ili msomaji aweze kufanya mambo matatu: kutambua chanzo cha maumivu ya shingo baada ya kunyoa, kunyoa kwa namna inayopunguza maumivu hayo, na kununua bidhaa za kunyolea na za kutunza ngozi bila kujidhuru wala kupoteza fedha.

1. Kwa nini shingo huumia kuliko shavu

Ngozi ya shingo ni nyembamba na ina mikunjo. Haina mfupa tambarare chini yake, hivyo huyumba wembe unapopita. Aidha, ndevu za shingoni hazioti upande mmoja. Chini ya taya mara nyingi huelekea chini. Karibu na koromeo huweza kuelekea juu au ubavuni. Mkono uliozoea kushuka shavuni hushuka vivyo hivyo shingoni, na huko hukata ndevu kinyume cha uotaji wake bila mwenyewe kujua. Baada ya hapo kola ya shati husugua eneo hilo kutwa nzima.

Ni muhimu kutofautisha hali mbili. Ya kwanza ni mwasho wa wembe. Huanza dakika chache baada ya kunyoa, huchoma, na kwa kawaida hutulia baada ya saa kadhaa au siku chache. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi. Dalili huwa ni joto, ukavu au eneo lililokolea rangi.

Hali ya pili ni vipele vya ndevu. Hivi hujitokeza siku kadhaa baadaye, na huwapata zaidi watu wenye nywele za kujikunja, yaani wengi wetu. Nywele ya namna hiyo hutoka katika tundu lililopinda. Wembe unapoikata, huiacha na ncha kali mithili ya mkuki. Inapoendelea kukua hupinda na kuchoma ngozi ya jirani. Ikiwa imekatwa chini kabisa ya usawa wa ngozi, huchoma ukuta wa tundu lake kabla hata ya kutoka nje. Mwili huipokea kama mwiba: huvimba, huwasha, na wakati mwingine hutunga usaha.

Maelezo haya yana mafunzo mawili. Kwanza, vipele vya ndevu si ushahidi wa uchafu, na mwenye navyo hana sababu ya kuona aibu. Pili, kadiri unavyonyoa hadi ngozi iwe laini kabisa, ndivyo unavyoikaribisha shida. Shingo iliyonyolewa vizuri hubakiza mguso mdogo wa ndevu.

2. Kabla ya kunyoa

*Jifunze ramani ya shingo yako.* Acha ndevu zikue siku mbili au tatu, kisha pitisha vidole taratibu kutoka juu kwenda chini, chini kwenda juu, na ubavuni. Upande ambao vidole vinateleza ndio mwelekeo wa uotaji. Upande unaokwaruza ni kinyume chake. Fanya hivyo chini ya taya, kwenye koromeo, na kulia na kushoto mwa shingo, kwa kuwa kila eneo laweza kuwa na mwelekeo wake.

*Lainisha ndevu.* Ndevu kavu ni ngumu, na huulazimisha mkono kukandamiza. Osha uso na shingo kwa maji ya uvuguvugu, au weka kitambaa safi kilicholowekwa katika maji hayo kwa dakika tatu hadi tano. Katika asubuhi za baridi, maji yaliyotunzwa usiku kwenye chupa ya chai yatatosha. Yapunguze makali kwa maji ya kawaida kwanza. Maji ya moto sana huongeza ukavu na mwasho.

*Tumia povu linalofaa.* Sabuni ya mche imetengenezwa kwa ajili ya kufulia; huondoa mafuta ya asili ya ngozi na kuiacha ikikauka. Sabuni au krimu ya kunyolea ni bora zaidi. Ikikosekana, tumia sabuni ya kuogea isiyo na manukato makali na utoe povu zito. Paka shingo mapema, lakini inyoe mwisho, ili ndevu zake zipate muda wa kulainika.

3. Wakati wa kunyoa

(a) Tumia wembe mkali na safi. Wembe butu huvuta nywele badala ya kuikata. Wembe wa kutupa ubadilishwe baada ya kunyoa mara tano hadi saba, au mapema zaidi ukianza kuvuta.

(b) Mwenye vipele vya ndevu achague wembe wenye ukali mmoja. Katika wembe wenye makali mengi, ukali wa kwanza huivuta nywele nje kidogo na unaofuata huikata. Kipande kinachobaki hurudi ndani chini ya usawa wa ngozi. Kwa mwenye nywele za kujikunja, ulaini huo ndio chanzo cha vipele. Hivyo wembe wa bei kubwa si lazima uwe bora kwako.

(c) Nyoa kufuata mwelekeo wa uotaji, kwa ramani uliyojifunza.

(d) Usiivute ngozi kwa vidole. Ngozi iliyovutwa ikiachiwa, ncha za nywele huzama ndani.

(e) Pitisha wembe kwa mipigo mifupi na mkono mwepesi, ukiusuuza kila baada ya mipigo miwili au mitatu.

(f) Usirudie eneo lisilo na povu. Ukilazimika kurudia, paka povu upya, na urudie mara moja tu.

4. Baada ya kunyoa

Suuza kwa maji baridi, kisha kausha kwa kugusagusa na taulo safi bila kusugua. Paka mafuta au losheni isiyo na manukato. Mafuta ya mgando kidogo yanafaa, hasa wakati wa kipupwe ambapo hewa ya nyanda za juu hukausha ngozi.

Wengi wetu tumelelewa na imani kwamba kinachochoma ndicho kinachotibu, hivyo humiminia spiriti kwenye shingo iliyotoka kunyolewa. Spiriti huua vijidudu, lakini pia huikausha na kuiunguza ngozi iliyokwishachubuka. Shabu husaidia kusimamisha damu ya mkwaruzo mdogo, ila jiwe la shabu lisitumiwe na watu wawili, kwa sababu hugusana na damu.

Suuza wembe, ukung'ute maji, na uuhifadhi mahali pakavu mbali na watoto. Wembe uliokwisha utupwe ndani ya kopo lenye kifuniko, ili usimkate anayezoa taka.

5. Ukinyolewa na kinyozi

Wembe hubeba damu isiyoonekana kwa macho. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa muda usiopungua siku 7, na vifaa vya kukata vinavyochangiwa vinaweza pia kueneza homa ya ini aina ya C na virusi vya UKIMWI. Kwa hiyo una haki ya kutaka mambo yafuatayo, nawe usione haya kuyasema:

- wembe mpya ufunguliwe mbele yako;
- mashine isafishwe nywele kwanza, kisha ipakwe spiriti kabla ya kukugusa;
- taulo liwe limefuliwa, au uje na lako.

Kisanduku chenye taa ya buluu kisikupe imani kamili, maana mwanga haufiki mahali palipofunikwa na nywele au uchafu. Iwapo una vipele, mwombe kinyozi atumie mashine na abakize ndevu fupi, asimalizie kwa wembe.

6. Vipele vikishajitokeza

Tuchukue mfano. Kijana analinda geti, na kazi yake inamtaka awe amenyoa kila siku. Vipele vinapozidi, anauziwa kikopo kidogo cha krimu iliyochanganywa, kisicho na jina la mtengenezaji wala orodha ya viambato. Ndani ya wiki moja shingo inatulia na kung'aa. Anafurahi, anawaambia wenzake. Baada ya miezi michache ngozi imekuwa nyembamba, ina mabaka, na kila akiacha krimu vipele hurudi kwa kishindo. Anarudi dukani kununua kopo jingine.

Hivyo ndivyo steroidi zinavyoweza kufanya zinapotumiwa bila daktari: hutuliza uvimbe upesi, kisha huidhoofisha ngozi. Steroidi ni dawa, na haziruhusiwi kuwekwa katika vipodozi. Zebaki na hidrokwinoni nazo zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini. Zebaki huweza kudhuru figo. Hidrokwinoni huweza kuacha weusi usiofutika mahali palepale mtu alipotaka weupe.

Njia iliyo salama haina haraka. Acha kunyoa kwa wembe kwa takriban wiki nne, ukipunguza ndevu kwa mashine pekee. Tumia kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Usichokonoe vipele kwa pini wala kung'oa nywele. Endapo kuna usaha, maumivu yanayoongezeka, homa, au makovu yanayovimba na kukua, hasa kisogoni, nenda kituo cha afya mapema. Makovu ya namna hiyo ni rahisi kuyazuia kuliko kuyaondoa.

Ikiwa mwajiri anadai unyoe kila siku, mwombe mganga akuandikie maelezo. Hilo si jambo geni duniani: kwa miaka mingi madaktari wa jeshi la Marekani wamekuwa wakiwaandikia askari ruhusa ya kutonyoa kwa sababu ya vipele hivihivi.

7. Unaponunua

Tangu tarehe 1 Julai 2019, usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambalo lina ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini jijini Mbeya. Dawa, zikiwamo krimu zenye steroidi, husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Bidhaa bandia, kwa mfano nyembe zilizobandikwa nembo isiyo yao, hushughulikiwa na Tume ya Ushindani (FCC) kwa mujibu wa Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963.

Kabla ya kulipa, kagua lebo. Iwe na jina la bidhaa, jina na anwani ya mtengenezaji, orodha ya viambato, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, katika lugha unayoielewa. Kwa nyembe, tazama kama pakiti haijafunguliwa na wembe hauna kutu. Maandishi yenye makosa ya tahajia au rangi iliyofifia ni sababu ya kutilia shaka.

Dai risiti. Bidhaa ikikudhuru, acha kuitumia, lakini usiitupe: hifadhi kopo, pakiti na risiti, piga picha ya ngozi, kisha toa taarifa kwa muuzaji na kwa mamlaka husika. Kopo tupu bado ni ushahidi, kwa kuwa namba ya toleo huwawezesha wakaguzi kuifuatilia bidhaa hiyo hadi inakotoka.

8. Maswali ya kujipima

1. Ndevu zako za chini ya koromeo huelekea upande gani? Umezikagua kwa vidole?
2. Kuna tofauti gani kati ya mwasho wa wembe na vipele vya ndevu?
3. Kwa nini wembe wenye makali mengi huweza kumletea shida mwenye nywele za kujikunja?
4. Krimu iliyotuliza vipele ndani ya siku chache, bila lebo, inaweza kuwa na nini ndani yake?
5. Ni vitu gani utavihifadhi ikiwa bidhaa imekudhuru?

Usipoweza kulijibu swali la kwanza, anza nalo kabla hujashika wembe tena. Halihitaji fedha, wala halihitaji duka.