Ardhi ya Hatari na Kazi Zinazoachwa Njiani: Tujifunze kwa Mchezo wa Dwarf Fortress

Katika makala hii tunaangalia jinsi ardhi inavyoweza kukatiza kazi katika michezo ya kompyuta ya kujenga makazi. Katika michezo hiyo mchezaji hamwendeshi mtu mmoja, bali hupanga kazi za kundi zima: kuchimba, kulima, kupika, kubeba mizigo. Tumechagua Dwarf Fortress, mchezo uliotungwa na ndugu wawili wa Marekani, Tarn na Zach Adams, ukatolewa mara ya kwanza mwaka 2006. Toleo lenye picha kamili lilitoka Desemba 2022. Wakazi wake ni vibete wa masimulizi ya kale ya Ulaya ya Kaskazini, wachimbaji wanaoishi ndani ya milima. Sisi tutawaita wafanyakazi tu.

Kwanza tuelewe namna kazi inavyogawiwa. Mchezaji huweka alama kwenye mwamba kwamba hapa pachimbwe, na mchimbaji yeyote asiye na shughuli huichukua. Akishindwa kuimaliza, tangazo hutokea kwenye skrini likitaja jina lake, kazi aliyoiacha na sababu. Mojawapo ya sababu hizo ni “ardhi ya hatari”. Wachezaji wageni husoma jina na kuishia hapo: huyu mvivu, huyu mwoga, atolewe kwenye kazi hii. Basi anachukua mwingine, naye anaachia palepale, na matangazo yanajaa skrini. Tunaona kwamba neno la kusoma kwanza katika tangazo hilo ni la mwisho, yaani sababu, kisha mahali. Jina ni la yule aliyetokea kuwa karibu.

Tuchukue maji. Kila mraba wa ardhi una kina cha maji kinachohesabiwa kuanzia 0 hadi 7. Mfanyakazi hupita kwenye maji ya kina cha 3 bila shida. Yakifika 4, hapangi tena njia ya kupita hapo. Sasa maji yanayotiririka hayatulii: mraba uleule unaweza kuwa na 3 anapoondoka ghalani na kuwa na 4 anapofika. Alipochukua kazi njia ilikuwepo. Akiwa katikati, haipo. Akijikuta amesimama ndani ya maji mengi, anaacha anachofanya ili ajiokoe, na asiyejua kuogelea huenda asiokoke.

Mfano ulio wazi zaidi ni mto wa nchi ya baridi. Majira ya baridi mto huganda, na barafu inakuwa sakafu kama sakafu nyingine. Wafanyakazi wanavuka kukata miti ng'ambo, na mchezaji anasahau kwamba hakujenga daraja. Joto likirudi, barafu inayeyuka chini ya miguu yao. Aliyekuwa juu yake anatumbukia, na walioko ng'ambo wanakosa njia ya kurudi kwenye chakula. Kinyume chake nacho ni kibaya: aliye ndani ya maji yanapoganda hufa papo hapo. (Ajabu ni kwamba mchezo hautoi onyo lolote kuhusu daraja lisilokuwepo. Unatoa tangazo la kazi zilizoachwa tu.)

Kinachoipata kazi baada ya kuachwa hakifanani. Kazi ya kubeba mzigo huzaliwa upya yenyewe, kwa sababu mzigo bado uko nje na ghala bado lina nafasi. Ndiyo maana watu hufuatana mmoja baada ya mwingine kwenda mahali palepale pabaya. Kazi ya kujenga ukuta husimamishwa mpaka mchezaji aifungue mwenyewe. Kazi ya kuchimba ina utaratibu wake. Mchimbaji akifunua jiwe lenye unyevu, alama iliyo juu yake hufutwa; vivyo hivyo jiwe lenye joto, ambalo huashiria magma, yaani mwamba ulioyeyuka. Huko si kukatazwa. Ukiweka alama tena, atachimba bila kuuliza, na kama nyuma ya jiwe kuna mto, njia nzima ya chini itajaa.

Wengi hukimbilia kuzuia njia kwa alama za mapito. Mchezo unaruhusu kutoa gharama kwa kila mraba: njia inayopendelewa ni 1, ya kawaida 2, ya chini 5, na iliyobanwa 25. Lakini “iliyobanwa” haina maana ya kufungwa. Tukibana miraba 10 ya ukingo wa mto, gharama ni 250. Kama njia ya kuzunguka ina miraba 100 ya kawaida, gharama yake ni 200, naye atazunguka. Ikiwa na miraba 130, gharama ni 260, naye atapita ukingoni. Alama hizi ni msaada kwa ngome ndogo, si badala ya ukuta.

Kinachotatua ni kuibadili ardhi yenyewe. Daraja lijengwe kabla ya barafu kuyeyuka. Penye maji yaliyomwagika, chimba nafasi pembeni ili yasambae: maji ya kina cha 7 katika mraba mmoja, yakigawanyika kwenye miraba 7, yanabaki kina cha 1 kila mahali, na maji ya kina hicho hukauka yenyewe. Mkondo mkubwa unahitaji ukuta au lango la maji linalofungwa kwa wenzo, na wenzo huo ukae mahali pakavu, mbali na mkondo.

Kuna jambo moja ambalo huua wengi. Mfanyakazi akifa mtoni, sururu na nguo zake hubaki pale, na vitu hivyo huweza kuwa mizigo ya kubebwa. Wa pili anavifuata, kisha wa tatu. Kwenye amri za kudumu za mchezo ipo inayozuia vitu vya marehemu wetu visiguswe. Tuiangalie kama imewashwa kabla ya kuweka alama ya kwanza karibu na maji, na turuhusu viguswe vitu vile tu ambavyo tumeshavifikishia njia kavu.