Magamba ya Miguu ya Kuku

Ndugu mkulima, mshike kuku wako umtazame miguu. Utaona imefunikwa kwa magamba, mfano wa magamba ya nyoka na mjusi. Jambo hili si ajabu, kwa kuwa ndege na wanyama watambaao ni wa asili moja, na magamba yao wote hufanywa kwa kitu kigumu cha jinsi ya ukucha.

Mpango wake ni huu. Mbele ya mguu yako magamba mapana, yamepangwa safu toka juu hata chini, kila moja likilalia kichwa cha lile lililo chini yake, kama makuti juu ya paa. Nyuma ya mguu na chini ya vidole ni madogo madogo, ili mguu upate kukunjika. Hiyo ndiyo ngao ya kuku.

Kuku mzima magamba yake hulala sawasawa. Ukiyaona yameinuka, na chini yake pana ukoko mweupe kama chokaa, jua kwamba wameingia wadudu wa jamii ya utitiri, wadogo mno hata jicho haliwaoni. Huchimba ngozi chini ya magamba na kuzaa humo humo. Kuku asipotibiwa huchechemea, hukonda, hupunguza kutaga, na pengine hukatika vidole.

Dawa yake ni hii:

1. Mtenge mgonjwa, kisha watazame wenzake wote, maana wadudu huhama kuku wakigusana.

2. Loweka miguu katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni, uisugue polepole kwa brashi laini. Usibandue gamba kwa nguvu, litatoa damu.

3. Ikaushe, uipake vaselini mpaka iingie chini ya magamba, wadudu wakose pumzi. Usitumie mafuta ya taa kama watu wa zamani, huunguza ngozi.

4. Rudia kila baada ya siku chache, kwa majuma matatu au zaidi.

5. Osha fito wanazolalia, pamoja na nyufa zake.

Nyoka hujivua ngozi yote mara moja akapata mpya, kuku hawezi. Magamba yake hupona polepole, pengine kwa miezi. Basi usingoje mpaka achechemee. Nawe ukienda sokoni kununua kuku, usipime uzito wake tu. Tazama kwanza miguu, ndipo utoe fedha.