Kuitengeneza Mbuzi ya Nazi Iliyochakaa

Ni nadra kuona nyumba ya zamani katika pwani ya Kenya, toka Lamu hata Vanga, ambayo haikupata kuwa na mbuzi ya kukunia nazi. Ni chombo kidogo: kibao cha kukalia, na ulimi wa chuma wenye meno uliotokeza mbele. Nyingi hukunjwa zikatundikwa ukutani. Siku hizi nazi nyingi hukunwa kwa mashine, na mbuzi ya bibi huachwa nyuma ya mlango mpaka ikaliwa na bungua, kisha ikatiwa mekoni kuwa kuni. Hasara hiyo yaweza kuepukwa kwa kazi ya siku chache.

Kabla ya kushika msasa, mwenye chombo na ajiulize swali moja: Je, kitatumika tena kwa chakula? Jibu lake ndilo litakaloongoza kazi yote.

Kwanza, kichunguzwe. Kibao kikigongwa, na unga mpya ukaanguka kutoka katika matundu madogo, bungua wangali hai ndani. Ncha ya kisu ikizama kwa urahisi, mti umekwisha kuwa mtupu. Kibao kilichotiwa dawa ya wadudu, au mafuta ya taa, kisitumike tena kwa chakula. Kama kina rangi ya zamani, isikwanguliwe kavu, kwa kuwa rangi nyingi za zamani zilitiwa risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Ilowanishwe kwanza, na watoto wakae mbali.

Pili, kisafishwe. Kibao kisuguliwe kwa brashi, maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, wala kisirowekwe. Kisha kikaushwe kivulini. Jua kali hukausha upande mmoja upesi kuliko wa pili, na kibao hupinda au kupasuka. Kikisha kukauka, kipigwe msasa kwa kufuata nyuzi za mti. Ufa mdogo utiwe gundi, na kibao kifungwe kwa kamba mpaka kesho yake. Ulimi usuguliwe mpaka kutu iondoke, na meno yanolewe kwa tupa. Ukiwa unalegea, matundu ya misumari ya zamani yazibwe kwa vijiti vilivyopakwa gundi, kisha ukazwe kwa skurubu.

Tatu, kipakwe mafuta. Mbuzi itakayokuna nazi yatosha kupakwa mafuta ya nazi kidogo, na yaliyozidi yafutwe. Isipakwe rangi ya kung’aa kwa kutaka kuipamba, maana rangi hubanduka, na vipande vyake vikaangukia chakula. Lakini kibao kisichorudi jikoni chaweza kupakwa vanishi au mafuta ya kitani. Hapa pana hatari ambayo wengi hawaijui. Mafuta ya kitani yakikauka hutoa joto, na kitambaa kilicholowa mafuta hayo kikiachwa kimekunjamana, chaweza kuwaka moto chenyewe. Kwa hiyo kitandazwe nje, mbali na nyumba, mpaka kikauke kabisa.

Nne, kipewe kazi mpya. Kibao kisichokuna nazi ni kiti kizuri cha mwenye kusuka ukili, au cha mtoto anayejifunza kusoma, au mahali pa kuweka taa karibu na kitanda. Ulimi uondolewe kwanza, kwa sababu meno yake hukata. Lakini usitupwe, wala kibao kisikatwe kwa msumeno. Ulimi upakwe mafuta, ufungwe katika kitambaa na kuwekwa pasipofikiwa na watoto. Ikiwa kibao hakikutiwa dawa, rangi wala vanishi, mjukuu aweza kuurudisha mahali pake siku atakapotaka wali wa nazi. Ikiwa kilitiwa, fundi aweza kuukaza katika kibao kipya.

Limebaki jambo moja, nalo lisisahauliwe. Kibao kilichotiwa dawa kichomwe alama chini yake kwa chuma cha moto, na watu wote wa nyumbani waambiwe maana yake. Aliyekitengeneza anaijua habari yake, lakini mtoto atakayekirithi hataijua. Atakachokiona ni mbuzi nzuri ya bibi, naye atataka kuipikia.