SOMO: KILEMBA NI CHA NANI?



Tukisoma Kutoka 28 tunaona kilemba cha Haruni: cha kitani safi, na mbele yake bamba la dhahabu. Hakikuwa pambo tu, kilikuwa cha huduma.

Basi sisi tunaochora na kudarizi vitambaa, tusichukue picha ya kilemba bila kuuliza. Kwa Masingasinga wa India kilemba hufunika nywele wasizokata, agizo la Khalsa iliyoanzishwa na Guru Gobind Singh mwaka 1699. Mwaka 2018 kampuni ya Gucci ilikionyesha Milan kama urembo. Mwaka 2019 duka la Nordstrom la Marekani likakiuza dola 790. Masingasinga waliumia, na duka likakiondoa na kuomba radhi.

Tushike mambo matatu:

1. Tumuulize mwenye desturi maana ya kilemba hicho.
2. Mchoro ukiwa wa mtu, tuombe ruhusa na tumtaje.
3. Alama ya ibada tusiitie kwenye zulia la kukanyagwa.

Swali la kujibu nyumbani: tukikuta kanzu zetu nyeupe za ibada zimechorwa kwenye kitambaa cha kufutia miguu, tutasemaje? Tusimtendee jirani hivyo.