SOMO: TUULIZE KWANZA, KISHA TUOMBE
Kusoma: Nehemia 1:1-11



Nehemia aliuliza kwanza habari za watu waliookoka, kisha za mji. Ndipo akalia, akafunga, akaomba.

Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita ndani ya Kisangani. Mabomu yakaua raia nyumbani mwao. Januari 2025 vita viliingia Goma, na wakimbizi wa kambini wakakimbia tena.

Basi tusiseme tu, «Bwana, leta amani.» Tuulize: nani amefiwa? Yatima analala wapi? Tuwataje kwa majina mbele za Mungu. Adui naye tumwombee toba. Kisha tuinuke kama Nehemia, tupeleke unga na blanketi.

Swali: Juma hili umeuliza habari za nani?

Amina.